Kijukwaa cha Bi Nukta

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu mia nane, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, kila mtu na chupa yake ya maji. Jukwaani alisimama mwanamke mfupi mwenye gauni la kijani. Alikuwa amezungumza kwa dakika thelathini na nane. Ilibaki sentensi moja tu. Akanyamaza. Akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofanya kila mara kabla ya sentensi yake ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na pazia jeusi. Nyuma ya pazia hakukuwa na kitu.

Tunarudia, wasikilizaji. Hatua moja, pazia jeusi, na nyuma ya pazia hakukuwa na kitu. Alianguka, na siku ya nne yake, Jumapili, alifariki dunia hospitalini.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Wengi mlimjua kama Bi Nukta. Jina hilo alibandikwa na mumewe walipokuwa wachumba, naye mume alikuwa na sababu mbili. Kwanza, alikuwa mdogo wa umbo. Pili, akishasema lake, maneno yamekwisha.

Mumewe ni seremala. Ndiye aliyetuletea habari hizi, karatasi saba zilizoandikwa kwa penseli bapa ya fundi. Alisoma hadi darasa la nne, na hana haya nalo. Anasema waliosoma ndio walioandika ile ripoti. Ripoti tutaifikia.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Nukta hakuanza maisha jukwaani. Alianza mlangoni, na birika mkononi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa chai katika ukumbi wa mikutano. Ukumbi huo huo. Kazi yake ilikuwa kufagia ukumbi, kujaza birika, kupanga vikombe, kisha kusimama ukutani mpaka mapumziko. Na akisimama pale ukutani, alisikiliza. Alisikia hotuba za madaktari, za wahasibu, za wakuu wa shule, za watu waliokuja kueleza mambo ambayo wao wenyewe hawakuyaelewa.

Alikuwa na daftari dogo mfukoni mwa aproni. Humo hakuandika maneno ya wazungumzaji. Aliandika dakika. Dakika ambayo mtu wa kwanza alitoa simu. Dakika ambayo mtu wa kwanza alipiga miayo. Dakika ambayo ukumbi mzima ulitulia tuli, na nini kilikuwa kimesemwa. Baada ya miaka miwili alimwambia mumewe, "Fundi, watu wana dakika saba za adabu. Saba tu. Baada ya hapo lazima uwe na la kusema."

"Na wewe una la kusema?" mumewe akamuuliza.

"Mimi nina chai."

Basi ikaja siku ya kumuaga mkuu wa jikoni. Mama huyo alikuwa amepika na kuandaa pale kwa miaka ishirini. Meneja akasimama na karatasi, akamshukuru kwa utumishi wake uliotukuka katika kitengo cha ufuaji. Watu wakatazamana. Yule mama mwenyewe akainamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua leso. Meneja hakuona. Aliendelea kusoma habari za mashuka.

Bi Nukta aliweka birika chini. Hakuomba ruhusa. Alitoka ukutani, akaenda mbele, akasema, "Samahani, meneja, umemuaga mtu mwingine. Huyu tuliye naye ameungua mkono wa kushoto mara tatu kwa ajili ya vikombe vyenu." Kisha akasimulia. Kwa dakika sita. Mkuu wa jikoni yuko hai, na ametuambia hivi: "Mimi nilifika pale nikiwa nimekata tamaa na nafsi yangu. Nikatoka natembea kama bibi harusi. Na meneja alikuwa wa kwanza kupiga makofi, maana angefanyaje?"

Mle ukumbini kulikuwa na mgeni, katibu wa chama cha wauguzi. Wiki ya pili yake akamwita Bi Nukta azungumze kwenye mkutano wao. Hapo ndipo kazi ilipoanza, wasikilizaji. Na ilikuwa kazi kweli. Haikuwa kipaji tu kilichodondoka kutoka juu.

Sikilizeni alivyofanya kazi. Alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba zake katika karakana ya mumewe, katikati ya maranda na harufu ya gundi. Yeye anasema, mumewe anapiga randa kwenye ubao. Sharti lilikuwa moja. Mumewe asijilazimishe kusikiliza. Apige randa yake kama kawaida. Sentensi ikipita na randa inaendelea, Bi Nukta anaifuta. Randa ikisimama yenyewe, sentensi inabaki.

"Nimeacha kwa sababu nimechoka mkono," seremala alijitetea siku moja.

"Mbona hujachoka tangu asubuhi?"

"Basi irudie."

Akairudia. Randa ikasimama tena. "Itabaki hiyo," akasema Bi Nukta, na seremala akaenda kunywa maji ili asionekane macho.

Seremala anaandika kwamba kuna meza mjini humu ambazo hazijanyooka vizuri, na kosa si lake. Kosa ni la zile sentensi.

Mkutano wa kwanza mkubwa ulimpa aibu. Alipanda jukwaani, akasimama nyuma ya mimbari, akapotea. Mimbari ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya wanaume warefu. Watu waliona nywele tu. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Ndipo sauti ikatoka: "Msinitafute. Sauti imefika, mwili uko njiani." Watu walivunjika mbavu. Lakini alipofika nyumbani hakucheka. Alikaa kwenye benchi la karakana akavua viatu. "Fundi," akasema, "leo nimewashinda kwa mzaha. Sitaki kila siku nianze kwa kujicheka."

Seremala aliinuka. Alikwenda akang'oa mlango wa kabati lao la kwanza, lile walilooana nalo, mbao ngumu zisizosikia mchwa. Akatengeneza kijukwaa. Kimo chake shubiri moja. Upana, hatua mbili za mkewe. Na kwa nyuma akapigilia ukingo ulioinuka, unene wa kidole gumba.

"Huu wa nini?" mkewe akauliza.

"Wewe una tabia ya kurudi nyuma kabla ya kumaliza. Ukirudi, kisigino kitakwambia basi."

Tulishike hilo, wasikilizaji wapendwa. Ukingo wa nyuma. Kisigino kitakwambia basi.

Tangu siku hiyo kijukwaa kile kilikwenda naye kila mahali. Alikiita "kiatu changu." Alizungumza mbele ya wauguzi, mbele ya walimu, mbele ya wasoma mita za maji, mbele ya wakurugenzi wa mabenki. Aliwafundisha madereva namna ya kumsemesha abiria aliyekasirika, na aliwafundisha mahakimu namna ya kunyamaza. Kwa miaka kumi na tisa alizungumza mara mia mbili na mbili akiwa mzungumzaji mkuu. Mia mbili na mbili. Hakuwahi kusoma kwenye karatasi, wala kupitisha muda aliopewa. Kabla ya kila hotuba alikwenda jikoni kwanza kuwasalimu wanaomimina chai, na akiulizwa anasema, "Nakwenda kuwaona walimu wangu."

Binti yao anakumbuka jambo moja. "Mama alikuwa akirudi kutoka safari tunamuuliza, walikupigia makofi? Anasema, makofi ni adabu. Nataka kujua mtu gani alichelewa kusimama baada ya mimi kumaliza. Huyo ndiye aliyenisikia."

Sasa ukumbi ule ukatimiza miaka arobaini. Wakubwa wakaandaa mkutano. Wakamwalika Bi Nukta awe mzungumzaji mkuu, pale pale aliposimama ukutani na birika. Hotuba ya mia mbili na tatu. Seremala alijaa fahari kifuani. Alikisugua kijukwaa kwa msasa, akakipaka vanishi upya, akakianika siku mbili. Lakini kadi ilisema mgeni mmoja tu. Akapiga simu ofisini kwao. Akaambiwa viti vimejaa, mzee, utatazama kwenye runinga. Akampa binti ile kadi.

"Nitakaa nawe jikoni," alimwambia mkewe, "nimimine chai."

"Wewe? Utapiga randa vikombe," mkewe akajibu. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho yenye kicheko.

Saa mbili asubuhi binti alikibeba kijukwaa mwenyewe, akakiweka nyuma ya mimbari. Ana hakika. Mama yake alipanda, akakijaribu, akashuka. Kisha wakaitwa kupiga picha na wageni. Walirudi ukumbini saa tatu unusu. Bi Nukta alipotajwa na kupanda, kijukwaa hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha plastiki nyeupe kinachong'aa, hakina ukingo wala chochote.

Alipokuwa hospitalini, sauti ikiwa chini, binti alimuuliza kwa nini hakudai chake. Akasema, "Niliona hakipo. Lakini watu walikuwa wameshapiga makofi, mwanangu. Na ule ukumbi naujua."

Kweli aliujua. Miaka kumi na moja alikuwa akiufagia, na nyuma ya mimbari palikuwa na hatua mbili kufika ukutani. Alirudi hatua moja. Hesabu yake ilikuwa sawa. Ila wakubwa walikuwa wamelisogeza jukwaa mbele kwa ajili ya kamera, mimbari ikabaki karibu na ukingo wa nyuma, wakaacha uwazi kati ya jukwaa na ukuta, wakauficha kwa pazia jeusi. Hawakumwambia.

Sasa ile ripoti ya uongozi wa ukumbi kuhusu ajali hiyo. Ilitoka baada ya wiki sita, kurasa ishirini na mbili zenye mhuri. Seremala alisomewa na binti yake. Sentensi inayomhusu mkewe ni moja tu. Inasema: "Mzungumzaji alijisahau na kurudi nyuma bila uangalifu."

Seremala alimwambia binti aisome tena. Kisha akaichukua, akaitazama mwenyewe, herufi kwa herufi. Mke wake, aliyehesabu miayo ya watu kwa dakika. Mke wake, aliyejua kila hatua yake jukwaani kama mtu ajuavyo njia ya chooni kwake. Alijisahau.

Hapo ndipo alipovaa koti akatoka. Hakwenda kutafuta fidia, anaandika, na tunaomba jambo hilo lisikike. Alikwenda kutafuta neno moja lifutwe, hilo la kujisahau. Na ili lifutwe, alitaka ajulikane aliyekiondoa kijukwaa. Akaanza na fundi wa vipaza sauti.

"Mzee wangu, mimi niliambiwa kiondoke, hakipendezi kwenye kamera."

"Na nani?"

"Na watu wa mapambo."

Watu wa mapambo wakasema waliambiwa na watu wa itifaki. Watu wa itifaki wakasema waliambiwa na ofisi. Ofisini alikaa kwenye benchi siku tatu. Siku ya tatu akatoka kijana wa tai, akamwambia, "Baba, uongozi unasikitika sana."

"Uongozi ni nani? Nionyeshe mlango wake."

"Uongozi ni sisi sote, baba."

"Mbona kufa hamkufa wote?"

Kijana akarudi ndani.

Alipokuwa akitoka, seremala alipitia mlango wa mbele, mlango wa wageni. Pale mapokezi, pembeni ya kochi, alikiona kijukwaa. Kilikuwa kimewekewa chungu cha maua. Vanishi ilikuwa bado inang'aa. Alikiondoa kile chungu, akakiweka chini taratibu kisivunjike, akabeba cha kwake akaenda. Mlinzi alimtazama akipita. Mkuu wa jikoni wa sasa, aliyefundishwa kazi na Bi Nukta, alitoka mbio akamshikia mlango.

Wasikilizaji wapendwa, leo kijukwaa kile kiko karakana, karibu na dirisha. Watoto wa mtaa wao wanaojifunza kuzungumza mbele ya watu huja Jumamosi wakasimama juu yake, na seremala anapiga randa. Ameshika sharti lile lile. Wiki iliyopita randa ilisimama mara mbili. Moja ilikuwa kwa mjukuu wake, na anaapa hakumpendelea.

Tulimuuliza kama anaijua ile sentensi ya mwisho, ambayo ukumbi haukuisikia. Anaijua. Ilisemwa karakana, Jumanne ya wiki ile, na randa ikasimama. Ametupa idhini tuisome. Bi Nukta alikusudia kuwaambia wakubwa wale mia nane hivi: "Kabla hamjanyanyuka, kila mmoja ajiulize kama anaukumbuka uso wa mtu aliyemmiminia chai asubuhi hii."

Kwa seremala, kwa binti, kwa wajukuu, kwa dada zake wote wa jikoni, sisi hapa studio tunawapa pole ya dhati. Mmempoteza mtu aliyetoka ukutani akafika mbele kwa miguu yake mwenyewe, na alifika akiwa amejiandaa. Alale salama. Nanyi mnaotusikiliza, leo mkiketi mahali mkahudumiwa, inueni macho mumtazame anayewahudumia. Na mlio maofisini, mlio na mihuri, mnaposema uongozi, kumbukeni kuna mtu nje kwenye benchi anayetaka kuonyeshwa mlango.

Seremala ameiandikia ofisi ile barua nne. Ya tano ameileta kwetu, nayo ina mstari mmoja tu, kwa penseli, umekolezwa mara mbili. Tunausoma kama ulivyo, kwa yeyote anayehusika na anayetusikia:

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, kati ya saa mbili na saa tatu unusu asubuhi, nani alisema kiondolewe?