Kaka Yetu Aliyekataa Kurusha Ndege Akiwa Mchovu

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, hata panapouma, kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa fundi wa pampu za maji na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha viberiti. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1990, akiwa wa kwanza katika hisabati na wa mwisho katika kuamka, maana bila kikombe cha maji usoni hakuinuka. Alihitimu chuo cha urubani tarehe 30 Juni 1995, na mwezi Februari uliofuata akaajiriwa kuwa rubani msaidizi katika kampuni ya ndege za mizigo, ambako siku ya kazi ilianza alfajiri na kuisha pale mzigo ulipoisha.

Alifunga ndoa na mfamasia tarehe 18 Desemba 1999, akiwa ametua saa tatu ya asubuhi hiyohiyo, akasinzia katikati ya hotuba za wazee, na bibi harusi akamwachia bega alalie, picha tunayo. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume.

Shemeji yetu ameniagiza nisiruke hapa. Mwezi Mei 2003, kaka alirudi nyumbani baada ya siku sita za kuruka, akajitupa kitandani, na binti yake wa kwanza, aliyekuwa na miaka miwili, akawa anagonga sufuria kwa mwiko, naye akaamka kama mtu aliyepagawa, akarusha kigoda, kikamvunja mkewe mkono wa kushoto. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akamweleza daktari ukweli, akarudi kazini kesho yake bila kumwambia mtu kwamba ameanza kujiogopa.

Tarehe 6 Oktoba 2004, saa nne usiku, ndege yao ilikuwa ikishuka baada ya saa kumi na saba za kazi, rubani mkuu akasinzia, na kaka yetu, aliyepaswa kumwamsha, akasinzia pia. Waliamshwa na king'ora, kufumba na kufumbua magurudumu yakang'oka kwenye ukuta wa uwanja, ndege ikajiburuza kwa tumbo, ikakatika vipande viwili na kushika moto. Rubani mkuu alifia kitini, kifua kikiwa kimebanwa na usukani, na kaka alimtoa fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yao kwa kumvuta mkanda huku ngozi ya viganja vyake ikibaki kwenye chuma. Wengi wenu mliopeana naye mkono mliijua mikono ile, hamkujua habari yake.

Mwaka 2007 alihamia kampuni ya abiria, akapanda hadi urubani mkuu, na tangu hapo hakuongeza hata dakika juu ya saa zilizoruhusiwa, wenzake wakambandika jina la Bwana Saa, wakamtania kwamba hata kucheka anacheka kwa ratiba, naye akacheka nao.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024 aliripoti kazini saa kumi alfajiri, akaruka safari tatu, radi ikawachelewesha, na ilipofika saa kumi na moja jioni ilikuwa imebaki safari ya nne, ya mwendo wa saa tatu na nusu. Mkuu wa ratiba alimpigia simu, akamwomba ajikaze kidogo tu, watu wanangoja. Kaka alimjibu, "Mtu mchovu hajui amechoka kiasi gani. Siwapandishi."

Aliposikia kwamba dada wa kaunta ameshazabwa kofi na abiria, alitoka mwenyewe, akiwa na sare yake, akasimama mbele yao, watu mia moja arobaini na wawili, akasema, "Nikasirikieni mimi, huyu hana kosa. Nilishawahi kusinzia angani, na aliyekuwa pembeni yangu alikufa."

Hawakumsikiliza. Chupa ilimpasua paji la uso, mtu akang'oa nguzo ya chuma ya kupangia foleni, akampiga nayo kisogoni, naye akamwangukia dada wa kaunta makusudi, akamfunika, na wakamkanyaga hapo mbavu na tumbo, mpaka rubani msaidizi na mfagizi walipowavuta wote wawili kwa miguu na kuwafungia stoo. Damu ilipita chini ya mlango.

Alipasuliwa mara mbili, bandama ikatolewa. Jumanne alipata fahamu, akamuuliza mkewe kama wale watu waliondoka, akaambiwa walirushwa Jumapili na rubani mwingine, wakafika wote salama. Alisema, "Afadhali," akafumba macho, na Alhamisi tarehe 13 Juni, saa nane mchana, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani mliotupikia na kutubebea maji, marubani wenzake, mfagizi wetu, na dada wa kaunta, aliyeketi hapa mbele na bandeji yake. Yupo pia mama mmoja, abiria wa siku ile, ambaye hakumgusa kaka, ila anasema ndiye wa kwanza kupaza sauti kwamba apigwe, alikwenda polisi mwenyewe, kisha akaja kwetu, na tulipotaka kumtoa, mama yetu alisogea kwenye mkeka, akamwambia, "Kaa." Ameketi naye mpaka sasa.

Kaka, pale kaunta ulifanya kazi kupita saa zako. Pumzika, na upumzike kwa amani.