Mzee Bagula na Kitabu Alichodhani ni cha Kiswahili

Baada ya miaka kumi na sita ya kuendesha forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala letu la vitabu hapa South End, Louisville, Mzee Hyacinthe Bagula anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Mei. Forklifti inabaki.

Alitoka Bukavu, Kongo, akapokelewa kama mkimbizi Buffalo, hapa Marekani, akafanya kazi ya kuku kiwandani hadi theluji ikamshinda, ndipo akaja Louisville. Kwetu aliangusha mzigo mara moja tu, na anashikilia kwamba kosa lilikuwa la sakafu.

Vitabu vilivyochanika siku ile tuliruhusiwa kuchukua. Mzee aliona neno "Kama" juu ya jalada, akafurahi mno: hatimaye Wamarekani wamechapa kitabu cha Kiswahili! Akakiweka mezani katika chumba cha mapumziko, mbele ya wafanyakazi wenzetu wanaoimba kwaya ya kanisa. Kumbe "kama" hiyo ni ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni tamaa ya mapenzi; kitabu kilikuwa cha mafunzo ya chumbani.

Mwingine angekificha. Lakini Mzee alikuwa na shida. Mkewe, Mama Nzigire, alikuwa amehamia kwa binti yao anayeishi mtaa wa Linden, kule Columbus. Mzee alifanya kazi usiku, mama mchana, wakawa wanapishana mlangoni tu, Mzee tayari amevaa koti lake. Siku ya kuondoka mama alisema: "Mi niliolewaka na mutu, hapana koti."

Basi Patricia, kiongozi wa kwaya, akakubali kumtafsiria kile kitabu kutoka Kiingereza wakati wa chakula, kwa ajili ya ndoa. Kurasa fulani alizipita akikohoa, na mwaka ule alikohoa sana. Zilizobaki zilihusu kuoga, kuvaa vizuri, maua ndani ya nyumba, kuzungumza kwa utulivu na kutomharakisha mwenzako.

Mzee aliomba zamu ya mchana. Alipoulizwa sababu, alijibu ni mapenzi. Msimamizi akakubali. Kila Jumamosi Mzee alienda Columbus, amenyoa ndevu, ana maua ya supamaketi, akaketi sebuleni kwa binti yake kumsikiliza mkewe. Jioni alirudi peke yake. Subira huvuta heri, ila hii ilivuta polepole mno, na sisi tulianza kumhurumia.

Mwezi uliopita Mama Nzigire alimsindikiza hadi garini, akamwuliza: "Donc, basi, unarudia Louisville kufanya nini?" Jumatatu iliyofuata Mzee alitangaza kustaafu.

Mzee wetu, asante kwa kazi na kwa vicheko. Tunakuombea maisha mema na marefu huko Linden. Hotuba zitakuwa fupi, kwa ombi lako mwenyewe: mama amekwisha kupika.