Wathome wa Nzomo, Aliyeokoka Mara Kumi na Nne

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19 Julai 2025, Mama Mativo, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, alikuwa ameinama juu ya sinia la maharagwe katika uwanja huu huu wa kanisa hapa Baba Dogo, akitoa vijiwe na kuwaza kama gesi itatosha, pale Habon, mwenye duka la mchele ng'ambo ya barabara, alipoingia langoni kwa mara ya kwanza tangu kanisa lijengwe, akiwa amemshika mkono bibi mmoja mzee mwenye ukungu machoni, ambaye Mama Mativo alimjua kwa sura tu, na hata kwa sura si sana.

"Mama Mativo, yule mzee wenu amefariki," Habon alisema.

"Mzee wetu yupi?"

"Kwani mko na wangapi? Wathome. Alikata roho juzi hospitalini. Walipomuuliza jamaa yake ni nani, aliwapa jina lako."

Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, kabla hatujafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, ni haki mjue kwamba aliyesimama hapa kwa niaba ya familia si wa familia, wala hakuwa rafiki wa marehemu, ni mwanamke aliyemnyang'anya sahani mbele ya watu siku arobaini na saba kabla hajafa, naye ndiye fomu ya hospitali imemwandika kuwa jamaa wa karibu.

Marehemu Wathome wa Nzomo alizaliwa Wamunyu, Ukambani, mwaka 1961. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari, lakini dada yake, Muthoki, ambaye ameketi hapa mbele na ambaye ametupa sehemu kubwa ya tarehe hizi, anasema hiyo ni tarehe ya karani tu, kwamba mama yao alimzaa mwezi wa Novemba, mvua zilipokuwa zimebeba daraja na mkunga akashindwa kuvuka. Alisoma shule ya msingi huko nyumbani kuanzia mwaka 1969, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1975, akapita vizuri, ila nafasi ya sekondari haikupatikana, akaketi chini karibu na baba yake, mzee Nzomo, akafundishwa kushika tezo na kuchonga twiga, vinyago na miiko. Kuna jambo moja la mwaka 1974 ambalo limerukwa hapa kwa makusudi, litasomwa mahali pake.

Mwaka 1980 alikuja Nairobi, akapata nafasi katika kiwanja cha wachongaji pale Majengo, na wenzake waliokuja leo wanashuhudia kwamba twiga wake alisimama mezani bila kuyumba, jambo ambalo wao wanalihesabu kuwa ndio mtihani wa fundi. Alimwoa Perez tarehe 8 Agosti 1987, wakaishi Majengo chumba kimoja kwa karibu miaka ishirini na minne, hawakujaliwa watoto, na Perez akafariki tarehe 3 Machi 2011. Mwaka 2014 tezo iliteleza ikamkata mkono wa kulia, vidole vitatu vikakataa kukunjika, mwaka 2018 moto ukala kibanda chake pamoja na magogo ya miaka miwili, na baada ya hapo Muthoki hana tarehe za kutupa, maana simu ya marehemu ilizimika na yeye akadhani kaka yake amewasusa, mpaka tulipomtafuta huko Wamunyu kwa kitambulisho hicho.

Tarehe za kuanzia hapo zilitakiwa kutoka kwetu. Kikundi chetu cha Meza ya Jirani kilianzishwa mwezi wa Februari 2022 na akina mama wanane wa kanisa hili, kuwapikia chakula cha Jumamosi majirani wetu wanaolala nje na kufanya urafiki nao, na neno hilo urafiki liko kwenye bango letu kwa herufi kubwa kuliko neno chakula. Marehemu alikula hapa kwa zaidi ya miaka miwili. Mama Mativo alipokaa kuandika historia hii alikuwa anajua mambo mawili juu yake, kwamba alilala kwenye baraza ya duka la Habon, na kwamba alipenda pilipili. Hata ule mwiko mrefu tunaokorogea ugali, ulioletwa siku moja mwaka 2023 ukiwa laini hauna kijibanzi, aliuchonga yeye kwa mkono wa kushoto, na Mama Mativo aliupokea, akampa bakuli la nyongeza, akarudi kwenye moto bila kumuuliza ufundi huo ameutoa wapi.

Sasa tunafika kwenye wokovu, mahali ambapo historia za namna hii huwa na mstari mmoja na tarehe moja.

Hapa kwetu mahubiri yalitangulia chakula. Baada ya mahubiri, waliotaka kumpokea Bwana waliinua mikono, wakaja mbele kuombewa karibu na mlango wa jikoni, ndugu Obonyo akaandika majina yao kwenye daftari, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusimama karibu na sufuria, walipakuliwa wa kwanza. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo, ilianza tu, halafu ikawa sheria. Jumamosi za kawaida haikuwa na neno, githeri, yaani mahindi na maharagwe, ilitosha wote. Ila Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulipika ndengu na chapati, na chapati hazikuwahi kutosha, waliotangulia walipata mbili mbili, waliofuata moja, na wa mwisho mchuzi mtupu.

Daftari linaonyesha kwamba marehemu aliokoka tarehe 27 Aprili 2024, akaokoka tena tarehe 25 Mei, akaokoka tena tarehe 29 Juni, na akaendelea hivyo kila mwisho wa mwezi bila kukosa, mara Wathome, mara Nzomo, mara W. Nzomo, mara Mzee Nzomo wa Wamunyu, na ndugu Obonyo aliandika yote bila kutazama ukurasa wa nyuma, na sisi tukayahesabu yote tulipompelekea mchungaji idadi ya roho za mwaka. Akina mama wa jikoni waliona zaidi ya Obonyo. Waliona kwamba mzee huyu akishapata chapati zake mbili huzifunga kwenye gazeti, hutoka nje ya lango, kisha hurudi mkono mtupu na kusimama mwisho wa foleni kungoja mchuzi. Mmoja akasema anaziuza pale steji ya matatu, mwingine akasema anabadilisha na pombe, na Mama Mativo, ambaye anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga huo, aliyaamini yote mawili.

Tarehe 31 Mei 2025 marehemu aliinua mkono mara ya kumi na nne. Mama Mativo alikuwa amekwisha kufungua daftari na kuhesabu. Alimngoja mpaka akapakuliwa, akamwita kwa jina lake lote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Wathome wa Nzomo! Hebu tuambie, umeokoka mara ngapi wewe?"

Watu walicheka. Mtu mmoja kwenye benchi akaitikia, "Huyo ni sugu, Mathee, mbatize na gari la zimamoto!"

Marehemu hakukasirika. Alisema, "Andika na ya leo tu, Mama. Ya leo ndiyo ya mwisho."

Mama Mativo alimtoa sahani mkononi, akampa aliyemfuata, akachukua kalamu ya Obonyo, akapiga mstari juu ya jina. Mstari huo upo, yeyote anayetaka kuuona daftari liko mezani.

Marehemu hakurudi tena. Jumamosi zilizofuata Mama Mativo aliona nafasi yake kwenye benchi iko wazi, akafurahi kwamba foleni imetulia. Tarehe 28 Juni, siku ya chapati, bibi mmoja mwenye ukungu machoni alikaa nje ya lango mpaka saa nane, mmoja wetu akamwambia aingie kwanza asikilize Neno, naye akajifunga mtandio wake vizuri, akaondoka akipapasa ukuta.

Bibi huyo ni Batulo, yuko hapa, ameketi karibu na Habon. Ni Mwislamu, hakuwa tayari kuinua mkono kusema asichokiamini ili apate chakula, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu. Hana meno, githeri hawezi. Chapati anaweza, akiichovya kwenye chai ya Habon, na mbili zilimtosha siku tatu. Marehemu alilala kwenye baraza ileile anayolala bibi huyu, upande wa mlango kwa sababu ya upepo, na kila mwisho wa mwezi alikuja hapa akaokoka, akampelekea.

Haya yote Mama Mativo aliyasikia ile Jumamosi ya tarehe 19, sinia la maharagwe likiwa bado magotini. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini jina lake yeye, na si la mtu mwingine yeyote.

"Kwani nani mwingine alimwita kwa jina?" Batulo alisema. "Wengine wote ni wee mzee, wee mzee. Siku ile alirudi kwangu mikono mitupu, wallahi anacheka, ananiambia, Batulo, leo chapati hakuna, lakini huko kanisani kuna mama anajua jina langu lote."

Kuhusu ugonjwa wake, Habon anaeleza kwamba kuanzia mwezi wa Juni marehemu aliomba kazi ya kuingiza magunia dukani, akiyasukuma kwa bega kwa sababu ya mkono, na malipo aliyotaka kila siku ni chai na chapati mbili, ambazo hakuzila yeye. Baridi ya Julai ilimkuta na kikohozi. Jumanne, tarehe 15 Julai, alishindwa kuamka, Habon akamkodishia tuktuk mpaka hospitalini, akalazwa, na Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, saa kumi na moja asubuhi, akafariki. Daktari ameandika nimonia, akaeleza kwamba mapafu yalikuwa mabovu kwa muda mrefu, pengine kwa ajili ya vumbi la mbao. Mama Mativo hasemi kwamba ndiye aliyemuua. Anasema tu kwamba kutoka tarehe 31 Mei mpaka tarehe 15 Julai kuna wiki sita na zaidi, na kutoka jikoni kwetu mpaka baraza ya Habon ni kuvuka barabara.

Tulipokuwa tukiandaa karatasi hii, ndugu Obonyo, kwa nia njema, alitoa shauri.

"Mama, chagua tarehe moja. Weka ile ya kwanza, Aprili, hizo zingine ziache. Watu wa nje watatucheka."

"Na wacheke," Mama Mativo alimjibu. "Yeye si tulimcheka?"

Lakini tarehe ya kuandika imepatikana, na ndiyo ile iliyorukwa. Muthoki ametuletea cheti. Wathome wa Nzomo alibatizwa Wamunyu siku ya Jumapili, tarehe 15 Desemba 1974, akiwa na miaka kumi na mitatu, na huko Majengo alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka tisa, yeye na Perez wakifagia na kupanga viti. Alipokaa kwenye mabenchi yetu akihubiriwa kama mtu asiyewahi kumsikia Mungu, alikuwa ameishika dini kabla baadhi ya wahubiri wetu hawajazaliwa, na hakutwambia kwa kuwa hatukumuuliza. Basi hiyo ya 1974 ndiyo tarehe yake. Zile kumi na tatu za kwenye daftari ni siku ambazo Batulo alikula, na ya kumi na nne, yenye mstari, ni siku ambayo Batulo hakula.

Kwa niaba ya Muthoki, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume, waliompa kitanda na blanketi ya pili, tunamshukuru Habon, ambaye hakuwahi kumfukuza kwenye baraza yake na ambaye alilipa tuktuk bila kusubiri mtu wa kanisa, tunamshukuru Mumin na wenzake wa mikokoteni waliobeba viti, na tunawashukuru wachongaji wa Majengo, walioleta jeneza hili wamelichonga wenyewe, na mnaweza kuona kwamba limesimama bila kuyumba. Gari la Wamunyu litaondoka tukimaliza sala.

La mwisho ni la jana jioni, Alhamisi, tarehe 31 Julai, tulipokula pamoja hapa uwanjani. Zilipikwa chapati, ingawa haikuwa siku yake, na hakuna aliyehubiri kabla ya chakula. Ndugu Obonyo alihesabu watu badala ya roho, akasema wanatakiwa sitini na wawili, walioketi ni sitini na mmoja. Mama Mativo aliacha upawa akatoka langoni, akamkuta Batulo ameketi mahali pake pa siku zote, nje, mgongo ukutani.

"Bibi, ingia. Chakula kitapoa."

"Mimi mkono siinui, Mama Mativo."

"Leo mkono ni wa kushika kikombe tu. Simama polepole, kuna ngazi."

Alikalishwa benchi la mbele, karibu na sufuria, akapakuliwa wa kwanza, chapati mbili na kikombe cha chai. Obonyo alihesabu tena, sitini na wawili, hakuna aliyekosekana ila mmoja, na huyo sote tulijua alipo.

Wathome wa Nzomo, Batulo amekula. Lala, upumzike.