Meza Namba Nne na Kazi ya Roda

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni ya kuhifadhi meza kwa intaneti. Mwenye hoteli, Bwana Macharia. Wateja wetu mlioketi na mliosimama:

KARIBU KITENGELA
Sisi wafanyakazi wa hoteli hii tunakukaribisha. Tulikutarajia saa sita, na sasa ni saa nane na nusu. Meza yako tumeilinda hivyo hivyo, na watu tumewarudisha, kama karatasi ya waliohifadhi meza ilivyoagiza.

TULIKOTOKA
Hoteli ilianza mwaka 1994 ikiwa bucha na jiko moja. Mteja alichagua paja kwenye ndoano kwa macho yake, likapimwa mbele yake, akakaa palipo na kiti. Hakuna aliyeulizwa jina.

MAFANIKIO
Tangu Machi mwaka huu wa 2009, watu wa Nairobi huhifadhi meza kwa kompyuta. Wamekuja wengi, na wengine ni wastaarabu. Hapo tumemaliza mafanikio.

CHANGAMOTO
Hatuna kompyuta. Meneja huenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, saa tatu asubuhi, akachapisha orodha, basi. Anayebadili nia saa nne hatumjui.

Jumapili iliyopita meza namba nne iliwekewa watu wanane wa saa saba. Saa tisa bado ilikuwa tupu. Mzee Parmuat, anayetuuzia mbuzi tangu siku ya kwanza, alisimama mlangoni na familia yake, maana binti yake Naeku amefuzu ualimu. Alimwambia mwenzetu Roda, "Mimi niko hapa. Huyo mwenye meza ako wapi?"

Roda akawaketisha kwenye meza hiyo. Wale wanane hawakuja. Kumbe walighairi saa nne asubuhi. Hata hivyo Roda amesimamishwa kazi, eti amevunja mkataba na kampuni yako. Mgeni rasmi, tumekasirika. Miaka kumi na tano ya kazi yake imeshindwa na karatasi ya asubuhi.

MAOMBI
Tunaomba tupigiwe simu kila orodha inapobadilika. Meza ikikaa tupu nusu saa, iwe ya aliyefika.

Ombi la tatu halikuwemo kwenye nakala aliyoipitisha Bwana Macharia, naye atusamehe. Roda yuko pale kwenye geti, amevaa aproni yake. Wewe leo umechelewa saa mbili na nusu, na hakuna aliyekufukuza. Mbuzi wako ameiva. Atakayemleta mezani ni Roda, na hakuna mwingine.

Mungu akubariki, akurudishe Nairobi salama, ukiwa umeshiba.

Ni sisi wapishi, wachomaji na wahudumu wa Hoteli ya Kwa Macharia, Kitengela.
Imesomwa na Nanjala, kwa niaba ya wote, Roda akiwemo.