Kukata na Kuunga

Basi la kwenda hospitali lilikuwa linajikokota. Fundi viatu, aliyeketi nyuma ya wanawake wawili, alikuwa hoi, lakini masikio hayana kifuniko. Mama wa makamo alimuuliza jirani yake aliyevaa sare ya uuguzi: "Samahani dada, anastomosi ni ugonjwa gani? Daktari kasema mume wangu anafanyiwa leo."

"Si ugonjwa, mama. Wanakata utumbo ulioharibika, halafu wanaunga ncha mbili zilizobaki."

"Kumbe kuunga tu! Si angesema hivyo?"

"Kinachoungwa ni mchuzi, mama."

Fundi alitaka kucheka, akaona si mahali pake.

"Na ikifumuka?" mama aliuliza.

Muuguzi alifumba macho kidogo. "Mara nyingi hushika. Ila habari ya kukata usimwambie, presha itampanda. Mwambie anastomosi, inatosha."

"Nisimwambie? Kwani tumbo si lake? Miaka yote tunaelewana mimi na yeye, leo nimuage kwa neno lisilo letu?"

"Nani kasema unamuaga?"

Basi likasimama langoni. Mama alishuka, akashika njia ya wodi ya wanaume. Muuguzi hakunyanyuka, mpaka fundi akamwambia taratibu, "Dada, tumefika."