Moyo wa Kalisti Ukisimama

Wenye benchi la mbele ya duka la kufulia nguo, pale Columbia Heights, ughaibuni, huitana kwa majina ya kupachikana. Macaire, Mkongo mwenye chupa ya kahawa, ni Mchungaji, ingawa hana kanisa. Kuria, Mkenya anayehudumia makompyuta kule Sterling, ni Injinia. Respicius wa Bukoba ni Kimya. Jumamosi hiyo Kimya ndiye aliyekuwa na maneno. Kaka yake, Kalisti, yuko hospitalini na hajafumbua macho tangu apigwe kiharusi, na daktari anataka jibu kabla ya jioni: moyo ukisimama, waushtue urudi, au wamwache aende?

– Ulimjibu nini? Macaire aliuliza.

– Nilimwambia natoka kidogo kuvuta hewa.

– Ukapanda treni hadi huku? Hiyo hewa ilikuwa mbali, buda, Kuria alisema, kisha akainamia kikombe chake.

– Na nyumbani banasema nini? Macaire aliuliza.

– Grupu zima la ukoo linasema wafanye kila kitu. Shangazi kasema atakayetamka “mwacheni” ndiye atakuwa kamuua. Daktari naye anasema wakimkandamiza kifua mbavu zitavunjika, na hata akirudi, atarudi kwenye mashine ileile ya kupumulia.

– Hao madaktari wanataka kitanda tu! Sisi kule Sterling mashine ikizima tunai-restart. Ikikataa, tunai-restart tena.

– Kalisti si kompyuta, Injinia.

– Docteur hapana Mungu, ndugu yangu, Macaire alisema. Kwetu Butembo kulikuwa muzee moja, balikuwa banamulilia tayari. Akaamuka, akaomba bugali.

– Nani alimwona? Kuria aliuliza.

– Mujomba yangu.

– Huyo mjomba wako ameona kila kitu!

– Cheka tu. Kimya, weka telefone kwa sikio yake, ukoo muzima baite jina yake. Moyo itaona haya, haitasimama.

– Ama tumpeleke Bukoba na hiyo mashine. Ndege siku hizi ziko na soketi kila kiti.

Respicius alicheka, na kicheko kikamtoa machozi. Kila Jumapili Kalisti alimpigia simu kutoka Landover alikokuwa akiishi, na kabla ya salamu aliuliza, “Umekula?” Respicius alilitamani swali hilo, mara moja tu. Ili alisikie tena alikuwa tayari mbavu zivunjike. Lakini mbavu zenyewe hazikuwa zake, na hilo lilimtia aibu.

Mwanamke mmoja alikuwa mlangoni akisubiri nguo zake zikauke. Alijitambulisha kuwa ni Flaviana, wa Songea.

– Shikamooni, kaka zangu. Nisameheni, nimesikia bila kutaka. Huyo mgonjwa, sasa hivi nani yuko naye?

– Hana mtu, Respicius alisema.

Simu ya Respicius ilitetema mfukoni, ikatetema tena: ukoo mzima ulikuwa bado unazungumza. Aliitoa, akaizima.

– Injinia, una gari?

– Iko hapo kona.

– Nipeleke. Nitamwambia daktari wamwache.

– Na wazee?

– Watanilaumu. Wakianza kumkandamiza kifua, mimi watanitoa nje. Nataka kuwa ndani, Kuria. Nataka nimshike mkono ungali na joto.

Kuria alikuwa ameshasimama.