Marehemu Dismasi Gwimo, Fundi Aliyeisukuma Boti ya Tatu (1944–1997)

Baba Paroko, wazee wetu, mafundi wa Bangwe, Kibirizi na Ujiji, wakwe zetu wa Mwandiga, na ninyi mliokuja kwa maji kutoka vijiji vya kaskazini: familia inawashukuru kwa kufika mchana kweupe. Tuliambiwa wengi wenu mtaogopa kuonekana kwenye kaburi hili. Mmekuja.

Dismasi Gwimo alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1944, katika kijiji cha Mwamgongo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Gwimo Rusuka na Mama Rozalia. Siku hiyo dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na mvua isiyo ya msimu ikatokea upande wa Kongo. Wanawake waliokuwa wakimsaidia Mama Rozalia walikimbia kuokoa dagaa. Waliporudi walimkuta mtoto amekwisha fika, analia. Mama Rozalia alikuwa akisema hadi anazeeka, "Huyu hakuzalishwa na mtu. Alishuka mwenyewe kama boti."

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, darasa la kwanza mpaka la nne. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Akiwa darasa la tatu alinyoosha mkono, na mwalimu alipomruhusu kusema, alisema meza ya mwalimu imepinda. Alichapwa viboko sita. Alasiri mwalimu aliipima meza kwa kamba, akamwita, akamwambia, "Haya, inyooshe." Marehemu aliinyoosha kwa jiwe na kipande cha mti. Alituambia viboko vile havikumuuma kama alivyoumizwa na ile meza.

Mwaka 1958 baba yake alimpeleka Ujiji kwa Fundi Nassib, aliyekuwa akiunda boti za mizigo. Alikaa kwake miaka tisa. Mwalimu Mwislamu na mwanafunzi Mkatoliki walikula sahani moja, na marehemu alipotaka kubadili jina ili aonekane fundi, Fundi Nassib alimcheka: "Wewe jina unalo. Tafuta mkono." Kwake alijifunza taratibu mbili ambazo hakuzivunja hata siku moja. Ya kwanza, siku ya kushusha boti mpya majini, hakuna fundi anayeshika chuma. Panga, shoka, nyundo, hata kisu cha kukatia kamba, vyote huachwa nyumbani tangu alfajiri, ili boti isianze maisha yake ikiogopa. Ya pili, wa kwanza kupanda boti ni familia ya aliyeiunda. Mwenye mali hupanda baada yao.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na Scola, binti wa Mwandiga. Mahari ilikuwa mbuzi sita, majembe mawili na mtumbwi. Wazee wa upande wetu walishangaa, maana mkwe aliishi kilimani na hakuwahi kuvua hata samaki mmoja. Marehemu alichonga, vijana kumi na wawili wakaubeba mtumbwi kichwani mpaka Mwandiga. Kumbe mkwe alitaka chombo kikubwa cha kukamulia ndizi za pombe. Mtumbwi ule haujawahi kugusa ziwa, na wengi wenu mmekunywa kutoka ndani yake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Marcel, Verediana na Jonathan.

Mwaka 1971 alifungua karakana yake hapa Bangwe, na mwaka uliofuata ziwa likaanza kutuletea watu. Hatuwezi kusoma maisha ya mtu wa ufuko huu bila kutaja yale. Alivuta kutoka majini watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Mwaka 1993, watu walipokimbia tena kutoka Burundi, alimpokea fundi mwenzake wa Rumonge aitwaye Bonaventura, ambaye alifika kisigino chake kimekatwa, amebeba mgongoni mtoto aliyekufa, asijue kama amekufa. Marehemu alimfungua kitambaa cha kubebea mtoto kwa mkono wake. Miezi kadhaa baadaye alimtafutia kibali cha kufanya kazi nje ya kambi ya wakimbizi, akakihuisha kila miezi mitatu. Bonaventura alimwita "data", yaani baba, ingawa walikaribiana umri. Mwezi wa Novemba mwaka jana, vita vilipopamba moto ng'ambo, upande wa Kongo, marehemu alivuka mara tatu na boti zake kuchukua watu. Safari ya tatu alirudi na risasi nne kwenye ubao wa kulia. Wiki ile maiti zilipokuwa zikija na mawimbi, alizizika kumi na saba, nyingine hazina vichwa. Alipoulizwa na jirani kwa nini asiiachie Serikali, alijibu, "Serikali iko mbali, mwana wane. Harufu iko hapa."

Sasa tunafika kwenye jambo lililomuua, nalo tutalisema polepole, ili kila mtu alisikie.

Mwezi wa Februari mwaka huu Halmashauri ilitangaza kununua boti sita za mbao za kubebea wagonjwa na chanjo, kwa ajili ya zahanati za vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Kampuni moja kutoka nje ya mkoa ilileta bei ndogo. Marehemu aliomba kusikilizwa. Alieleza kwamba boti za kampuni ile ni pana na bapa, na upepo wa Lukuga ukivuma mwezi wa saba zitapinduka na mama mjamzito ndani yake. Madiwani walibishana siku mbili. Mwishowe walipitisha kwamba kwa vyombo vya ziwani, fundi mwenye karakana wilayani apewe nafasi ya kwanza, hata kama bei yake imezidi kidogo ile ya mgeni.

Siku ya kutia sahihi, Mama Selina, afisa ugavi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, alimwambia mbele ya watu, "Mzee Dismasi, nimekupa siku tisini. Boti sita, tarehe 31 Mei. Ukinipungukia moja, azimio hili limekufa. Mwakani nitanunua kwa mgeni, na fundi wa hapa akija kulalamika nitamwonyesha jina lako."

"Mama, andika hivyo hivyo," marehemu akasema. "Usipunguze neno."

Nje ya ukumbi walikuwepo watu wa mji huu waliokuwa wameahidiwa uwakala na kampuni ile. Kampuni yenyewe hatuisingizii, hatuna ushahidi wowote dhidi yake. Tunawasema hawa wa kwetu. Mmoja alimfuata marehemu mpaka barabarani.

"Mwenyeji gani wewe? Karakana yako imejaa Warundi."

"Yumo mmoja."

"Mmoja ndiye mlango. Halmashauri imempa nani kazi, Muha au Mrundi?"

"Boti haiulizi kabila la aliyepiga msumari," marehemu akamjibu. "Inauliza kama msumari umeingia. Njoo kesho nikupe nyundo, na wewe uwe mwenyeji."

Watu walicheka. Yule hakucheka.

Boti ya kwanza ilikabidhiwa tarehe 22 Machi, ya pili tarehe 7 Aprili. Boti ya tatu ilipangwa kushushwa Jumamosi, tarehe 19 Aprili, saa nne asubuhi. Kama ilivyo desturi, alitangaza siku na saa, na zana zote zikaachwa nyumbani. Scola alikaa mbele, Verediana katikati na mwanawe Erica mwenye miaka sita, Jonathan nyuma. Mafundi saba waliishika boti ubavuni, mikono mitupu, wakiimba. Ilipoanza kuelea, watu kumi na wanne walitoka nyuma ya mawe ya Bangwe wakiwa na mapanga na madumu mawili ya petroli. Walikuwa wamefunga vitambaa usoni, wakipayuka Kirundi cha kuokoteza.

Wa kwanza kukatwa alikuwa Thobias, fundi wa mataruma, zile mbavu za boti, ambaye mkono wake wa kushoto uliangukia majini na yeye akainama kuutafuta. Wawili waliimwagia boti petroli watu wakiwa ndani. Mafundi wengine walitawanyika, na hatuwalaumu, maana hawakuwa na hata kijiti. Marehemu hakutawanyika, wala hakugeuka kupigana. Aliweka mabega yake kwenye mkia wa boti, akaisukuma kuelekea kwenye kina. Walimkata mgongoni akisukuma. Walimkata shingoni akisukuma. Scola alimsikia akihesabu hatua kwa sauti, kama alivyozoea kufanya na wanagenzi wake, "moja, mbili, na tena," na maji yalikuwa mekundu mpaka kifuani kwake. Bonaventura alirudi mbio akajirusha juu ya mgongo ule, na panga lililomlenga marehemu likamtoa yeye sikio na nyama ya bega. Alipofika mahali ambapo miguu haigusi, marehemu aliisukuma boti mara ya mwisho, ikaenda. Kiberiti kilichorushwa kiliangukia majini. Jonathan akachukua kasia.

Walipoikosa ile, walirudi nchi kavu wakachoma boti ya nne na ya tano juu ya magogo, na karakana yote na mbao za mninga. Moshi ulionekana mpaka Buzebazeba. Walimpasua kichwa Pastory, mlinzi mzee aliyejaribu kuzima moto kwa ndoo, na tulimzika Jumatatu iliyofuata.

Jioni ile mji mzima ulisema wakimbizi ndio waliofanya. Bonaventura alichukuliwa na polisi akiwa na bandeji, na hadi leo yuko mahabusu. Familia inasema hivi mbele ya kaburi, na itasema hivyo hivyo mahakamani: waliotuvamia si wageni. Mgeni hajui kwamba siku ya kushusha boti fundi wa Bangwe hashiki chuma. Walingoja siku hiyo, na saa hiyo, kwa sababu wamelelewa hapa, na pengine wengine wao walipanda boti za Dismasi wakiwa wachanga. Walikuja kutuua kwa desturi yetu wenyewe. Hatutaji majina, kwa kuwa jambo liko kwenye sheria. Lakini kama uko hapa umevaa kanzu au suti, tuangalie machoni wakati wa kutupa udongo.

Marehemu alitolewa majini akiwa hai, akalazwa hospitali ya mkoa kwa siku nane, amelala kifudifudi. Madaktari na wauguzi walijitahidi sana, na tunawashukuru. Aliongea kidogo, na karibu yote yalikuwa ya kazi.

"Ya tatu inaingiza maji?" alimuuliza mkewe.

"Hata tone, baba Marcel. Ina makovu tu nyuma."

"Makovu siyo tundu. Ikabidhini."

Siku ya tano Mama Selina alikuja kumwona. Alimwambia kwamba boti ya tatu ameipokea, ila mkataba hauruhusu kuongeza siku, amesoma kila ukurasa na haoni njia.

"Usitafute njia, Mama," marehemu akasema. "Ukituongezea, watasema tumepewa kwa huruma. Wakisema hivyo mara moja tumekwisha, sisi na watoto wetu."

"Mzee, karakana imeungua."

"Ego, imeungua. Ziwa limeungua?"

Mama Selina alitoka akilia, na wauguzi walidhani mgonjwa amefariki. Hakufariki siku hiyo. Alifariki Jumapili, tarehe 27 Aprili 1997, saa tisa alasiri, kwa majeraha yaliyoingia sumu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, Scola, watoto watatu, Marcel, Verediana na Jonathan, wajukuu wanne, mdogo wake, Mama Regina wa Mwamgongo, wanagenzi kumi na mmoja, na Bonaventura, ambaye tunamhesabu kati ya watoto ingawa hakuruhusiwa kuja kumzika baba yake.

Tangazo la mwisho linahusu matanga. Leo ni tarehe 29 Aprili. Zimebaki siku thelathini na mbili na boti tatu. Jana wazee wa karakana za Kibirizi na Ujiji, ambao kwa miaka ishirini na sita walishindana na marehemu kwa maneno makali, walikuja nyumbani wakaomba kila karakana ipewe moja iiunde kwa vipimo vya marehemu. Ile itakayobaki itaundwa Bangwe na Marcel, juu ya majivu. Kwa hiyo hatutakaa matanga uani. Tutakaa ufukweni, kinamama wakipika huko huko. Anayekuja kutupa pole aje na ubao, au misumari, au pamba ya kuzibia, na asiye na kitu aje ashike upande wa pili wa msumeno. Waliotuvamia nao wanajua tulipo. Waje watukute tumejaa.

Mungu ampe Dismasi pumziko kuanzia leo. Sisi tutapumzika tarehe mosi Juni.